Kipenga

Bukaresti, mwezi wa saba, saa nane mchana.
Lami imelainika, viatu vya kina mama vinaacha vishimo,
na tramu inapita madirisha wazi yote
kama mbwa aliyetoa ulimi.
Mimi ni mlinzi wa bustani. Nina kofia, nina kipenga,
nina ubao wa chuma wenye herufi nyekundu:
NI MARUFUKU KUKANYAGA NYASI.
Leo ubao wenyewe haushikiki. Unaunguza.

Miaka kumi na tisa nimekipuliza kipenga hiki.
Nimewapulizia wapenzi, watoto, kasisi mmoja,
na bata, siku ile niliyokunywa kidogo.

Leo wamekuja wote, maghorofa yamewatapika.
Zege halisahau: jua lililoshiba mchana
hulicheua usiku kucha,
na feni kazi yake kulizungusha tu.
Wamekuja na mashuka, na mto wa kulalia,
na tikitimaji lililofungwa kamba,
linaelea bwawani, linapoa taratibu,
bata wanalizunguka kwa heshima.

Chini ya mti wa tei, Teofil na Ghiţă
wanacheza sataranji, zamu ya nani hawajui.
Farasi mweusi yumo ndani ya gilasi ya limau.
"Naye ana kiu," wananiambia.

Petunia zimelegea kama leso zilizolowa.
Zinia, la. Zinia zimesimama wima,
nyekundu, kavu, zimetukanwa zikakataa kulia.
Nazipenda. Sijawahi kumwambia mtu.

Kisha Bi Smaranda wa ghorofa ya saba
anafika na chupa mbili za maji.
Moja ya kunywa. Ya pili ni ya waridi la njano
lililo pembeni kabisa, ambako mpira wa manispaa haufiki.
"Mama," nikamwambia, "maji ya saa hizi huchemsha mizizi."
"Basi nitangoja jua liondoke."
Akaketi.
Kwenye nyasi.
Mbele ya ubao.

Kipenga kilikuwa tayari mdomoni. Kilikuwa na ladha ya chuma.
Nilimtazama visigino: vimepasuka,
vyeupe kama unga, na nyasi zikipenya katikati ya vidole.
Alifumba macho. Akashusha pumzi ndefu
kama mtu aliyetua gunia.

Nikakitoa.

Saa kumi na mbili nikauburuta mpira wa zinia,
nikauburuta na wa petunia. Kipimo hakikutosha.
Nikaviunganisha vichwa vyao, nikatafuta kamba ya kufungia,
sikupata ila ile ya shingoni mwangu.
Kiungo kikavuja, bila shaka kilivuja!
Mchirizi ukaruka juu, watoto wakauona kabla yangu,
wakaja mbio na chupi tu,
na babu mmoja nyuma yao, na soksi zake.
Yaliyobaki yakafika kwa waridi,
maji membamba kama uzi wa kushonea,
na Bi Smaranda akayaelekeza kwa kiganja,
hakusema asante, alisema, "Huku. Huku kidogo."

Giza lilipoanza, yakafunguka yale maua
tunayoyaita malkia wa usiku,
yanayolala mchana mzima kama magugu tu.
Harufu ikapita kati ya watu, ikiinama kwa kila mmoja.
Tikitimaji likapasuliwa. Nikapewa kipande cha katikati.
Viatu vyangu sikumbuki nilivivua saa ngapi.

Na kipenga? Mtoto alikiokota kwenye matope.
Akakipuliza, kwa nguvu zake zote.
Bustani nzima ikaruka, mashuka, babu, sataranji,
tukajikuta njiani kwenye kokoto, peku, tumesimama foleni,
miaka kumi na tisa ya mazoea miguuni mwetu,
na mimi wa kwanza.

Teofil ndiye aliyeanza kucheka.
Tukarudi mmoja mmoja.
Nyasi zilikuwa bado na alama zetu.